Waambie Waisogeze Karibu na Maji

Shinyanga, Jumapili mchana

Mwanangu Milembe,

Umekwenda na mdogo wako kumuaga bibi yako Tinde, nyumba imetulia, nami nimepata saa mbili tatu za kukaa na kalamu. Kesho alfajiri gari la kampuni litakuja kukuchukua kukupeleka Geita. Sitakuandikia habari za chumba, wala maji ya kuchemsha, wala mtu wa kumwachia ufunguo. Hayo umeyajua tangu ulipokaa bweni. Nina jambo moja ambalo nimelificha humu ndani kwa miaka minne. Nimeanza kuliandika mara mbili, nikachana karatasi.

Juzi ulinionyesha daftari lako. Ulikuwa umechangamka, na una haki: watu saba wa mauzo chini yako, na hata miaka ishirini na saba hujafikisha. Ukanisomea mpango wako. Asubuhi wimbo na makofi, halafu ubao wenye majina, halafu kila mtu ataje tageti yake kwa sauti kubwa, na atakayekuwa wa mwisho kwa wiki avae kofia nyekundu mpaka Jumatatu inayofuata. Ukacheka, ukasema, "Si nimejifunza kwako, mama?" Nikainuka nikaenda jikoni. Nikakusikia ukimwambia mdogo wako, "Mama ana wivu. Hajazoea kuona mtu mwingine akiwa bosi."

Haukuwa wivu. Niliogopa. Ulikuwa unanisomea maneno yangu mwenyewe, isipokuwa kofia, nayo ningeibuni kama ningepata muda.

Nyote nimewaambia niliacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo unauma kweli, lakini haukunitoa kazini. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Nilipoingia kwenye ile kampuni ya pampu na jenereta, wewe ulikuwa darasa la tatu. Wakati ule muuzaji mpya alikaa wiki nzima uani nyuma ya duka, mikononi mwa fundi mmoja aliyeitwa Mzee Lugembe, mtu wa Bukombe, Mkatoliki wa kusali rozari kabla ya kufungua injini. Alikuwa na maneno makali na alinuka petroli. Siku ya kwanza alinipa spana, akaniamuru niifungue pampu yote niipange chini kwenye turubai, kisha niirudishe. Nililia. Siku ya nne tukaenda kwa mkulima wa nyanya upande wa Tinde, aliyetaka pampu kubwa kuliko zote dukani, na fedha anazo mkononi.

Mzee Lugembe hakutazama fedha. Akauliza, "Maji yako wapi?"

"Kisimani."

"Kina chake?"

Mkulima hakujua. Lugembe akafunga jiwe kwenye kamba, akaliteremsha, akalipandisha, akapima kamba iliyolowa na ile kavu. Akasema, "Hii haikufai. Pampu ya kukaa juu inanyonya kama mtu anavyonyonya kwa mrija. Mrija ukizidi urefu, hata uwe na mapafu ya ng'ombe hupati kitu. Subiri ile ya kuzamisha, au chimba kisima kule bondeni." Tukarudi mikono mitupu. Mimi nimenuna garini kama mtoto. Akaniambia, "Unanuna nini? Ungemwuzia, jioni hii angekuwa anakulaani kwa jina." Wiki mbili baadaye yule mkulima alikuja dukani na majirani zake watatu.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mimi. Usije ukasema mama hakujua. Nilijua, Milembe. Hapo ndipo panaponiuma.

Nilipanda. Nikawa msimamizi, nikapewa wauzaji tisa na meza karibu na dirisha. Kisha makao makuu wakaleta mkurugenzi mpya, kijana msafi, sauti ya upole. Akanipigia simu: "Mama, wiki nzima ya mafunzo ni wiki nzima bila mauzo." Hakunilazimisha. Alisema hayo tu, nami nikakimbia mbele yake kabla hajaniambia nikimbie. Nikaifuta wiki, nikaweka asubuhi moja ya Jumamosi: chai, chapati, wimbo, na karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa fahari. Kila neno la mteja nililitafutia jibu. Akisema ghali, mjibu hivi. Akisema ngoja nikaulize nyumbani, mjibu vile. Akiuliza kama itafaa kazi yake, sema: Inafaa kazi zote. Akilalamika haivuti, sema: Isogezwe karibu na maji. Waliikariri kwa pamoja kama watoto wa shule. Na kwa kuwa fomu za makao makuu bado zilidai mafunzo ya siku tano, niliwasainisha siku zote tano asubuhi ile ile, huku wengine wana mafuta ya chapati vidoleni.

Mzee Lugembe alisimama mlangoni akatazama. Baadaye akaniambia, "Mama Milembe, hawa hawajui hata pampu inafunguliwa wapi. Ndio utawatuma kwa wachimbaji?"

Nikamjibu, "Mzee, hawa ni wauzaji. Mafundi si mpo?"

Alistaafu mwaka ule ule, akarudi kwao. Nafasi yake haikujazwa.

Katika wale tisa kulikuwa na mtu anaitwa Shija. Pengine unamkumbuka, alikuja hapa nyumbani Krismasi moja na jogoo. Nilimwokota mnadani Tinde akiuza mashati ya mitumba. Alikuwa na sauti, na alikuwa na utani. Mtu aliyepita kwenda kununua chumvi alijikuta ameshika shati. Nilimchukua kama mtu anayechagua ng'ombe: nikatazama afya, mengine sikuuliza. Miezi mitatu mfululizo jina lake lilikaa juu kabisa kwenye ubao wangu. Wenzake waliletwa mbele kumpigia makofi.

Kisha zikaja mvua kubwa. Mkulima gani anataka pampu wakati shamba linaogelea? Mauzo yakalala. Nikafikiria wachimbaji wadogo wa dhahabu, maana maduara yao, ndivyo wanavyoyaita mashimo ya kuchimbia, yalikuwa yamejaa maji na kazi imesimama. Nikawaelekeza wote huko: Mwakitolyo na machimbo ya jirani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusimama kwenye mdomo wa duara. Mimi pia sikuwahi. Nilituma watu mahali ambapo sikuwa nimekanyaga.

Shija alishuka. Wiki ya kwanza wa saba, wiki ya pili wa mwisho. Nikamsimamisha mbele, mikono nyuma, kama nilivyowafanyia wengine. Wakati namkaripia akasema, "Mama, nina swali. Kule mashimo ni marefu. Mteja akitaka kuishusha pampu ndani ya shimo, nimwambieje?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye chumba kile. Nami nikamjibu, "Shija, wewe umeajiriwa uuze au uchimbe?"

Watu walicheka. Na yeye akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa utani na hakutaka kuonekana ameumia. Nimekiona kile kicheko mara nyingi tangu siku ile. Midomo ilicheka, macho yakaenda chini.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi akauza. Pampu ya petroli, pamoja na mpira wa kunyonyea, kwa mchimbaji mmoja wa Mwakitolyo aliyeitwa Maduhu, aliyekuwa akichimba na shemeji yake, Luhende. Mchana ule ofisi ilikuwa kama harusi. Tulikuwa na kengele, kila pampu ikiuzwa mtu anaigonga. Simu yangu ikalia, ni Shija yuko bado kule.

"Mama, haivuti."

"Waambie waisogeze karibu na maji."

"Karibu kiasi gani, mama? Maana maji yako..."

"Shija! Karibu ni karibu!" Nikakata. Mtu alikuwa amegonga kengele.

Nimehesabu maneno yangu katika simu ile, ni machache kuliko salamu. Kama ningemwacha amalize sentensi, ingetosha. Nilijua habari za mrija. Nilijua injini ya petroli inatoa moshi unaoua mahali pasipo upepo, Lugembe alitupigia kelele tusiwashe hata ndani ya stoo. Vyote vilikuwa kichwani mwangu, sikuvitoa.

Wakaisogeza. Waliifunga kamba, wakaishusha mpaka kwenye ukingo walioukata ndani ya duara, wakaiwasha, na maji yakaanza kutoka. Walishangilia. Shija naye alishangilia, akapanda pikipiki akarudi mjini na furaha yake. Baadaye Maduhu akateremka kuongeza petroli. Hakujibu walipomwita. Luhende akamfuata kumtoa, naye akanyamaza. Wa tatu walimfunga kamba kiunoni, wakamvuta akiwa amelegea, akapona. Maduhu na Luhende walitolewa kesho yake.

Shija alishikiliwa polisi siku tatu. Kisha wakaja watu wawili kutoka makao makuu, tukaketi nao, Shija upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine. Wakamuuliza nani aliwaambia wachimbaji waishushe. Akasema, "Niliambiwa wasogeze karibu." Akanitazama. Hakunitaja, alinisubiri mimi niseme.

Wakanigeukia. Nikafungua faili, nikatoa fomu ya mafunzo. Nikasema, "Huyu alifundishwa siku tano. Sahihi zake hizi hapa, zote tano. Alifundishwa, hakufuata."

Shija alizitazama zile sahihi muda mrefu. Zilikuwa zake kweli. Akasema, "Sawa, mama." Akafukuzwa kazi siku hiyo.

Kwa muda nilijidanganya kwamba nilifanya vile kwa ajili yako, kwa kuwa ulikuwa chuoni na baba yako alikuwa ameshatuacha. Si kweli, mwanangu, usiubebe mzigo huo. Pale mezani sikukufikiria hata kidogo. Nilifikiria jinsi watu watakavyonitazama.

Nikaendelea na kazi miezi minane. Nilikula, nilisali, nilikwenda harusini. Watu hudhani dhamira inampiga mtu usingizini. Mimi nililala vizuri. Kilichonishika ni jambo dogo, Jumamosi moja, mafunzo ya wapya. Mama mmoja mpya, mtu mzima wa umri wangu, alisimama kukariri karatasi yangu, akasema kwa nguvu, "Inafaa kazi zote!" Wenzake wakapiga makofi. Akanitazama kwa furaha aone kama nimeridhika. Nikatoka nje, nikapanda gari, nikaenda mnadani Tinde kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada.

Nilimkuta Shija. Amerudi kwenye mashati. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameyatandika chini, hasemi. Watu wanapita. Yule mtu ambaye sauti yake ilisikika mpaka kwenye zizi la ng'ombe alikuwa anangoja mteja amuulize bei.

"Shikamoo, mama," akasema. Hata siku ile alinipa shikamoo.

"Marahaba. Shija, nimekuja kuomba radhi."

Akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mama, unajua siku ile uliponijibu kwenye simu nilishukuru? Nilisema moyoni, leo bosi amenijibu. Nikawaambia kwa kujiamini kabisa. Kama ningekuwa na wasiwasi kidogo, wangeuona usoni mwangu, wasingeishusha."

Nikalia pale pale sokoni. Yeye hakulia. Akasema, "Usinililie mimi. Mimi niko hai. Nenda kawaambie."

Nikawaandikia makao makuu kila kitu: wiki niliyoifuta, sahihi za uongo, simu. Yule mkurugenzi wa sauti ya upole akanipigia. "Mama, hilo faili limeshafungwa. Pumzika." Nikaacha kazi mwezi ule. Nakala ya barua nilimpelekea Shija. Akaitia ndani ya gunia la mashati bila kuisoma.

Kisha nikaenda Mwakitolyo kwa mjane wa Maduhu, Nkwimba. Nilimkuta anaponda mawe ya dhahabu kwa nyundo pamoja na wanawake wenzake, vumbi mpaka kwenye kope. Akaniletea kigoda, akaninawisha mikono, akidhani nimekuja kutoa pole ya kuchelewa. Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo yule kijana wa pampu, tuliyemfukuza kwa mapanga alipokuja msibani, maneno hayakuwa yake?"

"Hayakuwa yake. Yalikuwa yangu."

Akajifuta vumbi kwenye kope. Halafu akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, wewe umekuja kuutua mzigo wako. Umeshautua. Mimi wangu nitautua kwa nani?" Akarudi kwenye nyundo yake. Kila nikienda kumsalimia ananikaribisha, ananipa maji, ananisindikiza mpaka njiani, wala hajawahi kusema amenisamehe. Nami sijamuuliza.

Sasa kuhusu wewe na watu wako saba.

Kabla hujawafundisha chochote, kila mmoja mfuate siku nzima, na ukae nyuma. Usimsaidie, usimrekebishe mbele ya mteja. Utasikia mambo ambayo ubao hautakuambia. Mimi sikutoka na Shija hata siku moja. Nilimjua kwa namba yake tu. Nenda mpaka mwisho wa njia anakofika yeye, hata kama ni tope, hata kama ni mdomo wa duara. Mahali usipoweza kukanyaga usimtume mtu akakuuzie huko.

Kampuni yako inauza mitambo ya kusaga mawe. Wafanye waifungue wenyewe mpaka mikono inuke. Wapange wawili wawili, mmoja awe mteja mkorofi anayejua kazi yake, na muuzaji asiruhusiwe kutaja bei mpaka ameeleza vizuri shida ya mteja, na mteja amekubali kwamba ndiyo hiyo. Siku moja haitoshi. Mtu anasahau, nami nilisahau nilichokijua miaka. Rudia kila wiki kidogo, kwa jambo lililotokea wiki ile, hasa lililoharibika. Na baada ya kuuza, mrudishe muuzaji kwa mnunuzi akaone mtambo unavyofanya kazi. Usikubali ripoti ya simu.

Kofia nyekundu ichome. Sikuambii hivyo kwa huruma tu. Mtu uliyemwaibisha Jumatatu hatakuuliza swali Ijumaa, au atauliza mara moja, nusu nusu, akiwa na haraka ya kukubaliwa. Akirudi mtu wako bila kuuza kwa sababu aliona mtambo haumfai mteja, mlete huyo mbele, ndiye apigiwe makofi. Wengine watakushangaa. Makao makuu watakushangaa zaidi. Watakupigia simu kwa upole, nawe mengine utayakubali. Siwezi kukudanganya kwamba utayakataa yote, una mshahara wa kulinda kama kila mtu. Lakini jua mapema ni lipi hutalikubali, maana siku likija halitakuja na sura ya dhambi. Litakuja mchana, watu wanacheka, wewe una shughuli.

Nilitaka kukupa barua hii kesho uisomee njiani. Nikaona huo ni woga mwingine, kutupa neno na kukimbia. Kwa hiyo nitaiweka juu ya sanduku lako sasa hivi, uikute ukirudi, tungali na jioni nzima pamoja. Pengine utanikasirikia. Pengine kesho utataka kuondoka bila mimi kukusindikiza mpaka kwenye gari. Utakuwa na haki, sitasimama mlangoni kukuzuia.

Ila kama kuna la kuuliza, nipo uani nachambua mchele. Njoo ukae, uulize mpaka umalize.

Ni mimi mama yako,
Veronika